Uswisi, Norwei, Oman au Qatar: Nani Akabidhiwe Usuluhishi wa Vita vya Wengine?

Katikati ya Machi 2025 Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kundi la waasi la M23, linaloungwa mkono na Rwanda, walitarajiwa kukutana ana kwa ana jijini Luanda, chini ya Rais João Lourenço wa Angola, ambaye tangu mwaka 2022 alikuwa amebeba mzigo wa mgogoro huo kwa niaba ya Umoja wa Afrika. Siku moja kabla ya kikao, baada ya Umoja wa Ulaya kuwawekea vikwazo baadhi ya viongozi wa kundi hilo, M23 wakatangaza kwamba hawaendi. Tarehe 18, siku ile ile ambayo Luanda ilipaswa kuwa mwenyeji, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walikutana Doha mbele ya Amiri wa Qatar, Sheikh Tamim bin Hamad Al Thani, na kutoa tamko la pamoja la kutaka mapigano yasitishwe. Jirani anayeijua Kongo kwa undani aliachwa na ukumbi mtupu, na nchi ndogo ya Ghuba, isiyopakana na mhusika yeyote, ikapata kile ambacho Luanda na Nairobi zilikuwa zikikihangaikia kwa muda mrefu.

Kwa nini Doha ifanikiwe kuwaketisha pale Luanda iliposhindwa? Na je, kufanikiwa kuwaketisha watu ndiko kufanikiwa kuleta amani? Makala haya yanalinganisha nchi nne ambazo hutajwa mara nyingi pindi vita vya mbali vinapotafutiwa msuluhishi, kwa ajili ya msomaji anayelazimika kuwa na msimamo juu ya suala hilo: kiongozi wa dini anayeombwa kupendekeza mwenyeji wa mazungumzo, mwanaharakati wa asasi ya kiraia, mwanahabari au mwanafunzi wa diplomasia. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kutoegemea upande ni sifa nzuri, lakini peke yake haitoshi, na wakati mwingine si sifa ya kwanza kutafutwa. Kuna vita vinavyokosa njia ya kupitishia ujumbe, kuna vinavyokosa mahali ambapo mahasimu wanaweza kukutana bila kuaibika mbele ya wafuasi wao, kuna vinavyokosa fedha na mdhamini, na kuna vita ambavyo vina mlango wa nyuma unaoingiza silaha kutoka nje. Nchi inayoweza kuziba pengo la kwanza mara nyingi haina uwezo wowote juu ya hilo la nne.

Wapitisha ujumbe: Uswisi na Oman

Hali ya Uswisi ya kutoegemea upande ilitambuliwa na madola ya Ulaya mwaka 1815, baada ya vita vya Napoleon, na nchi hiyo imeishika kwa uzito mkubwa kiasi kwamba haikujiunga na Umoja wa Mataifa hadi mwaka 2002, tena baada ya kura ya maoni. Geneva ndiko ilikozaliwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka 1863. Hata hivyo kazi ya Uswisi iliyo na manufaa zaidi kwa nchi zilizo vitani haionekani katika picha za viongozi wakipeana mikono. Ni ile ya kulinda masilahi ya nchi moja ndani ya nchi nyingine baada ya balozi kufungwa na mabalozi kurudi kwao. Tangu mwaka 1980 Marekani haina ubalozi Tehran, na wanaofuatilia hali ya raia wake waliofungwa huko, pamoja na kufikisha maneno ya Washington, ni wanadiplomasia wa Uswisi. Januari 2020, Marekani ilipomuua Jenerali Qasem Soleimani wa Iran na dunia ikashika roho mkononi, maonyo na majibu ya mahasimu hao wawili yalipitia mikononi mwa Waswisi.

Mfano ninaouona kuwa unaieleza Uswisi vizuri kuliko mingine ni ule wa Algeria. Wapiganaji wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria, walikubali kuzungumza na Ufaransa katika mji wa Évian, ulio upande wa Ufaransa wa Ziwa Geneva, lakini hawakuwa tayari kulala katika ardhi ya mkoloni waliyekuwa wakipigana naye. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Olivier Long, aliyekuwa amewaunganisha kwa siri, alishiriki kupanga jambo linaloonekana dogo lakini lililoamua mambo mengi: ujumbe wa Algeria ulilala upande wa Uswisi, chini ya ulinzi wa jeshi la nchi hiyo, na kuvushwa ziwa kwenda kikaoni na kurudishwa. Hatari haikuwa ya kufikirika. Mnamo Machi 1961, kabla mazungumzo hayajaanza, meya wa Évian, Camille Blanc, aliuawa kwa bomu la wanamgambo wa OAS waliopinga Algeria kupewa uhuru. Makubaliano yalitiwa saini tarehe 18 Machi 1962. Uswisi haikuandika masharti ya uhuru wa Algeria, wala haikumshinikiza Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa, na sidhani kama ingeweza. Ilichotoa ni kitanda, ulinzi, chombo cha kuvukia na ukimya, na katika hatua ile hivyo ndivyo vilivyokuwa vimekosekana.

Udhaifu wa Uswisi umejitokeza zaidi tangu mwaka 2022. Siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Uswisi iliamua kufuata vikwazo vya Umoja wa Ulaya, na Moscow ikatangaza kwamba haiihesabu tena kuwa nchi isiyo na upande. Agosti mwaka huo Urusi ilikataa Uswisi iwakilishe masilahi ya Ukraine mjini Moscow. Juni 2024 Uswisi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa amani ya Ukraine kwenye hoteli ya mlimani ya Bürgenstock. Urusi haikualikwa na China haikuhudhuria, hivyo mkutano ukawa wa kuonyesha mshikamano zaidi kuliko wa kusuluhisha. Mtu anaweza kuamini, kama ninavyoamini, kwamba Uswisi ilikuwa na haki ya kupinga uvamizi, na bado akakiri kwamba uamuzi ule uliipunguzia nafasi ya kuwa kati.

Oman hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa namna tofauti kabisa. Haina mkataba wa mwaka 1815 wa kuonyesha. Inacho ni kumbukumbu ndefu ya kukataa kuingizwa katika ugomvi wa wenzake. Nchi nyingi za Kiarabu zilipovunja uhusiano na Misri mwaka 1979 kwa sababu ya kufanya amani na Israel, Oman haikuvunja. Katika vita vya Iran na Iraq vya 1980 hadi 1988, majirani zake walipoisaidia Baghdad, yenyewe iliendelea kuzungumza na miji mikuu yote miwili. Mwaka 2015 haikujiunga na muungano wa kijeshi ulioongozwa na Saudi Arabia nchini Yemen, na mwaka 2017 haikushiriki kuizingira Qatar. Sababu zipo na hazifichiki: Oman inagawana na Iran mlango wa bahari wa Hormuz, na Sultani Qaboos hakusahau kwamba katika vita vya Dhofar, miaka ya 1970, Shah wa Iran alituma askari kumsaidia kuokoa kiti chake. Utawala wa Tehran ulibadilika mwaka 1979, lakini ujirani haukubadilika.

Matunda yake yalionekana mwaka 2012, maofisa wa Marekani walipokutana kwa siri na Wairani jijini Maskati, na zaidi Machi 2013, William Burns, Naibu Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alipoongoza ujumbe wa ngazi ya juu kwenda huko. Hata baadhi ya washirika wa karibu wa Marekani hawakujulishwa hadi baadaye. Vikao hivyo ndivyo vilivyofungua njia ya makubaliano ya muda ya Novemba 2013 mjini Geneva na mkataba wa nyuklia wa Julai 2015. Mwaka 2025 Oman ilirudia kazi ile ile. Tarehe 12 Aprili ujumbe wa Steve Witkoff, mjumbe wa Marekani, na ule wa Abbas Araghchi, Waziri wa Mambo ya Nje wa Iran, waliketi Maskati katika vyumba tofauti, na Waziri wa Mambo ya Nje wa Oman, Badr Albusaidi, akawa anapokea maneno huku na kuyapeleka kule, mpaka mwishoni wakuu hao wawili walipozungumza kwa dakika chache mbele yake. Mwezi uliofuata Oman ikatangaza makubaliano ya kusitisha mashambulizi kati ya Marekani na Wahouthi wa Yemen.

Tukiziweka Uswisi na Oman bega kwa bega, tofauti yao kubwa ni hii: Uswisi ni taasisi, Oman ni uhusiano. Kazi ya Uswisi ina mafaili, ina wanasheria, na haibadiliki waziri akibadilika. Anayehitaji kutembelewa kwa wafungwa wa vita, kubadilishana nyaraka rasmi au kulindwa kwa majengo ya ubalozi, aende Berne. Anayetaka tu kujua kama adui yake atakubali kuzungumza, bila yeyote kusikia kwamba aliuliza, Maskati inamfaa zaidi, kwa sababu huko jambo likishindikana linaweza kukanwa na wote na kusahaulika. Lakini Oman haina uwezo wowote wa kumzuia mtu wa tatu asiyetaka mazungumzo yafanikiwe. Duru ya sita kati ya Marekani na Iran ilipangwa kufanyika Maskati tarehe 15 Juni 2025. Tarehe 13 Israel iliishambulia Iran, na duru hiyo haikufanyika.

Waendesha mazungumzo: Norwei na Qatar

Watu wengi huitaja Norwei kana kwamba haina upande, ilhali ni mwanachama mwanzilishi wa NATO tangu mwaka 1949. Hilo halijaizuia kusuluhisha, kwa sababu vita inavyovichagua ni vile ambavyo haina kubwa la kupata wala kupoteza. Haikuwahi kuwa na makoloni Asia wala Amerika ya Kusini, haina jeshi la kumtisha mtu, na ina fedha za mafuta za kugharimia mazungumzo kwa miaka mingi bila kuharakisha.

Mwaka 1993 ndio ulioipa jina. Chini ya mwavuli wa utafiti wa taasisi ya Fafo, Terje Rød-Larsen aliwakutanisha wasomi wawili wa Israel, Yair Hirschfeld na Ron Pundak, na Ahmed Qurei wa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, katika jumba la Borregaard huko Sarpsborg. Waliishi nyumba moja na kula meza moja, na vyombo vya habari havikunusa chochote kwa miezi kadhaa. Baadaye Waziri wa Mambo ya Nje, Johan Jørgen Holst, alisimamia mwenyewe, na tarehe 13 Septemba hati, iliyokuja kujulikana kama Makubaliano ya Oslo, ilitiwa saini katika Ikulu ya Marekani. Wapo wanaoona kwamba ukarimu ule ulificha jambo zito: pande mbili hazikuwa sawa kwa nguvu, na Norwei haikuwa na njia ya kumlazimisha mwenye nguvu zaidi aachie alichokuwa amekishika. Masuala magumu kama Jerusalem, makazi ya walowezi na wakimbizi yaliahirishwa. Naikubali lawama hiyo kwa sehemu kubwa, ingawa ni vigumu kusema ni mwenyeji gani mdogo angeweza kufanya vinginevyo.

Sri Lanka inaonyesha tatizo la pili. Erik Solheim na wenzake walifanikisha makubaliano ya kusitisha mapigano kati ya serikali na waasi wa Tamil Tigers Februari 2002, na waangalizi wasio na silaha kutoka nchi tano za Nordiki wakapelekwa kuyafuatilia. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliwaorodhesha Tamil Tigers kuwa kundi la kigaidi. Waasi nao wakataka waangalizi wanaotoka nchi wanachama wa Umoja huo waondoke, kwa hiyo Waswidi, Wadenmark na Wafini wakaondoka, wakabaki Wanorwei na Waaislandi wachache kwa kazi ya kisiwa kizima. Januari 2008 serikali ilijitoa rasmi, na Mei 2009 vita vilimalizwa kwa mtutu wa bunduki na maelfu ya raia wakapoteza maisha. Norwei ilikuwa na subira, lakini haikuwa na kitu ambacho serikali ya Sri Lanka ingeogopa kukipoteza. Ilifanya vizuri zaidi Kolombia, ambako haikuwa msuluhishi mkuu: iligawana na Kuba kazi ya udhamini, mazungumzo yakazinduliwa Norwei mwaka 2012 na kuendelea Havana hadi makubaliano ya mwaka 2016 kati ya serikali na waasi wa FARC. Kuba iliaminiwa na waasi, Norwei iliaminiwa na nchi za Magharibi, na kwa maoni yangu mgawanyo huo ni fundisho bora kuliko Oslo.

Qatar ni kinyume cha Norwei karibu kwa kila jambo isipokuwa fedha. Mambo yake huenda haraka, hufanyika chini ya jina la Amiri na Waziri Mkuu wake, na mwenyeji hachelei kutumia mali yake kulainisha pale panapokwama. Mei 2008 iliwaita wanasiasa wa Lebanon Doha baada ya mapigano mitaani Beirut, na katika siku chache wakakubaliana, akapatikana rais wa nchi iliyokuwa haina rais tangu Novemba 2007. Jambo linaloitofautisha zaidi ni kuwa tayari kuwapa makazi watu ambao wengine hawataki kuonekana nao, huku ikihifadhi kambi ya Al Udeid, iliyo kubwa kuliko kambi zote za Marekani katika eneo hilo. Ofisi ya kisiasa ya Taliban na viongozi wa Hamas wamekaa mji mmoja na majenerali wa Marekani. Kwa anayetaka kuzungumza na kundi ambalo sheria za nchi yake zinamkataza kulitembelea, hakuna anwani inayolingana na hiyo.

Lakini ofisi ya Taliban ilipofunguliwa Juni 2013, bendera na bango lenye jina la Emirati ya Kiislamu ya Afghanistan vilimkasirisha Rais Hamid Karzai kiasi cha kugoma kuzungumza. Miaka saba baadaye, tarehe 29 Februari 2020, Marekani na Taliban walitia saini mkataba Doha, na serikali ya Kabul haikuwamo miongoni mwa waliosaini. Kabul ilianguka tarehe 15 Agosti 2021. Si haki kuitwika Qatar anguko hilo, kwa kuwa ni Marekani iliyochagua kuzungumza bila serikali ya Kabul. Hata hivyo anayeichagua Doha aangalie mapema ni nani ameachwa nje ya chumba.

Kisha kuna ugomvi wa msuluhishi mwenyewe. Mwaka 2010 Qatar ilipatanisha Jibuti na Eritrea juu ya mpaka wa Ras Doumeira, na ikafanya jambo ambalo Uswisi na Norwei kwa kawaida hazifanyi: ikapeleka askari wake kusimama kati. Juni 2017 Saudi Arabia na washirika wake walipoizingira Qatar, Jibuti na Eritrea zote mbili zikaelemea upande wa Riyadh. Qatar iliondoa askari wake, na mara Jibuti ikalalamika kwamba Eritrea imeshika vilima vilivyokuwa vikigombewa. Mpaka wa pembe ya Afrika ukawa umevurugwa na mgogoro wa Ghuba usiowahusu wakazi wake hata kidogo. Na tarehe 9 Septemba 2025 Israel ilishambulia Doha kwenyewe, ikiwalenga viongozi wa Hamas waliokuwa wakijadili pendekezo la kusitisha vita vya Gaza, na ofisa usalama wa Qatar akawa miongoni mwa waliouawa. Kuwa mwenyeji wa wote, kumbe, si kinga.

Na jirani je?

Haitakuwa sawa kuzipima nchi za mbali bila kuwakumbuka majirani, hasa kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa mikataba mikubwa ya eneo hili ilisimamiwa na nchi zisizoweza kudai kwamba hazina masilahi. Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya aliongoza mazungumzo ya Sudan kutoka Machakos mwaka 2002 hadi Naivasha, ambako John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini, na Ali Osman Taha, Makamu wa Rais, waliketi wenyewe kwa miezi mingi, na mkataba ukatiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Waasi walipouteka mji wa Torit mwaka 2002, Khartoum ilisusa, na ikachukua makubaliano ya kusitisha mapigano kuirudisha mezani. Jirani huvumilia kususiwa kwa sababu hana pa kwenda: wakimbizi wa Sudan walikuwa wakiishi Kakuma tangu mwaka 1992, na vita visingeisha kambi isingepungua.

Burundi ilikuwa ngumu zaidi. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa msuluhishi tangu mwaka 1996, na baada ya mapinduzi ya Meja Pierre Buyoya mwezi Julai mwaka huo nchi za eneo, Tanzania ikiwamo, ziliiwekea Burundi vikwazo. Bujumbura ilimwona Mwalimu kuwa ameegemea upande mmoja, na iliona vigumu kuitenga Arusha ya mazungumzo na Tanzania ya vikwazo, iliyokuwa pia imejaa wakimbizi wa Kirundi. Lakini ndivyo vikwazo hivyo vilivyochangia kumleta Buyoya mezani. Nyerere alifariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akapokea kazi, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Msuluhishi asiye na upande hata chembe asingeweza kufunga mpaka wa biashara.

Jirani naye hupoteza sifa hiyo haraka. Februari 2025 wanamgambo wa RSF wa Sudan na washirika wao walitia saini hati ya kuunda serikali yao wakiwa Nairobi. Khartoum ikamwita balozi wake nyumbani, na mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwamo. Nchi iliyozaa mkataba wa 2005 leo haiwezi kupendekezwa kwa Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, mkuu wa jeshi la Sudan linalopigana na RSF, angalau kwa wakati huu.

Baada ya saini

Hapa nchi zote nne zinakaribia kulingana katika upungufu. Hakuna hata moja inayoweza peke yake kulinda makubaliano yasivunjwe. Burundi ilipata nafuu mwaka 2001 kwa sababu askari wa Afrika Kusini walipelekwa kuwalinda wanasiasa waliorudi kutoka uhamishoni, na kundi la waasi la CNDD-FDD, lililokuwa nje ya Arusha, likaingizwa kwa mazungumzo mengine yaliyoishia mwaka 2003. Sri Lanka ilipata waangalizi wasio na silaha. Ras Doumeira ilipata askari walioondoka mara mwajiri wao alipogombana na majirani. Kwa hiyo anayechagua msuluhishi mdogo na mwaminifu anapaswa, siku hiyo hiyo, kuanza kumtafuta mdhamini mwingine mwenye misuli, na asingoje hadi sherehe ya kutia saini.

Kuchagua kwa mujibu wa vita

Ikiwa vita ni vya dola mbili zilizokatiana uhusiano na tatizo la haraka ni wafungwa, miili ya waliokufa na raia waliokwama, chaguo la kwanza liwe Uswisi, mradi upande mmoja usiwe Urusi. Ikiwa dola hizo haziwezi hata kukiri hadharani kwamba zinafikiria kuzungumza, na hasa Iran ikiwa mhusika, ni Oman. Ikiwa ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka mingi, serikali na waasi wote wamechoka, na kinachohitajika ni kujadili ardhi, haki na silaha sura kwa sura, Norwei inafaa, lakini iambatane na nchi inayoaminiwa na waasi, kama ilivyokuwa Kuba. Ikiwa kundi lenye silaha limetengwa na dunia na linahitaji mahali pa kukaa, fedha za kugharimia hatua za mwanzo, na mtu anayeweza kumpigia simu rais wa Marekani, basi Qatar, kwa sharti kwamba orodha ya walioalikwa ikaguliwe kwa makini.

Mashariki ya Kongo inaangukia fungu hilo la mwisho, na ndiyo maana sishangai kwamba Doha iliipita Luanda. Kinshasa ilikuwa imekataa kwa muda mrefu kuwatambua M23 kuwa watu wa kuzungumza nao. Qatar iliwapa wote namna ya kukutana bila kuonekana wamesalimu amri, na Julai 2025 wakatia saini tamko la kanuni, kisha utaratibu wa kubadilishana wafungwa kupitia Msalaba Mwekundu, kisha makubaliano ya mfumo mwezi Novemba. Upande wa Kongo na Rwanda ulishikwa na Washington. Siku chache baada ya marais wawili kuidhinisha makubaliano yao huko tarehe 4 Desemba, M23 waliingia Uvira. Ningeshauri Doha ibaki na kazi inayoimudu, yaani wafungwa, usitishaji wa mapigano na mambo ya ndani ya Kongo, na asitarajiwe Amiri kufanya kazi ya mwenye uwezo wa kuibana Kigali.

Sudan ni kesi nyingine, na hapo nisingechagua yeyote kati ya wanne kuwa msuluhishi mkuu. Vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 havijakosa ukumbi. Jeddah, nchini Saudi Arabia, ilitolewa mwezi uliofuata, na Agosti 2024 Marekani iliitisha mazungumzo Uswisi, ambako RSF walituma ujumbe na jeshi halikuja. Kinachokosekana ni mtu wa kufunga njia za silaha na fedha zinazotoka nje, na wenye uwezo huo wako Abu Dhabi, Cairo, Riyadh na Washington, ambao hakuna hata mmoja anayeweza kuitwa asiye na upande. Marekani, Saudi Arabia, Misri na Falme za Kiarabu zilitoa tamko la pamoja Septemba 2025 la kutaka usitishaji wa mapigano kwa miezi mitatu. Mji wa El Fasher, huko Darfur, uliangukia mikononi mwa RSF mwezi uliofuata. Bado ndio wanaopaswa kubanwa, kwa sababu ndio wanaoweza. Uswisi ipewe sehemu yake ndogo iliyo ya hakika: wakati wa mazungumzo yale ya Agosti 2024 ambayo jeshi liliyasusa, mamlaka za Sudan zilikubali kufungua tena kivuko cha Adré, mpakani mwa Chad, na malori ya chakula yakaanza kuvuka kuingia Darfur.